Saa Mbili

Dawa nane katika mfuko mmoja wa khaki,
na mwandiko wa madaktari watatu wasiosalimiana:
wa moyo, wa tezi, wa sukari.
Kila mmoja ameandika
kana kwamba mama yangu ni kiungo chake peke yake.

Nilizimwaga mezani, Magomeni Mapipa,
juu ya kitambaa cha plastiki chenye alizeti,
nikafungua kompyuta.

Kila dawa, nukta.
Kila ugomvi, mstari.

Ya tezi hutaka tumbo tupu,
na kidonge cha mifupa kikae mbali nayo saa nne kamili.
Ya kuongeza damu na chai
hazipikiki chungu kimoja.
Ya kukojoza isimezwe usiku,
maana choo kiko uani, na uani taa imeungua.
Ya sukari haitembei bila chakula.

Mama alichungulia begani kwangu.
"Hii si kompyuta, hii ni kamati ya harusi.
Wifi huyu usimkalishe na mtalaka wa kaka yake,
mjomba yule asikae karibu na vinywaji.
Nimepanga kumbi za watu mia tatu, Shomari,
kwa penseli."

Programu ilijaribu, ikagonga ukuta,
ikarudi hatua moja, ikajaribu mlango mwingine,
kama mgeni anayetafuta nyumba ya Kariakoo isiyo na namba.
Usiku ule niliongeza umeme mara mbili.
Mwisho ikaandika: Hakuna ratiba.

Hakuna. Si asubuhi, si usiku, si kesho.
Ya kuzuia damu isigande na aspirini
hazikuwa zikigombea saa.
Zilikuwa zikimgombea mtu.

Nikampigia Eliwaza, mfamasia wa Temeke.
Akanyamaza kidogo.
Akasema nisimkatie mtu dawa kwa akili ya mashine,
akamtafuta daktari wa moyo,
naye akauliza: "Aspirini? Nani kampa?"
Aspirini ikatoka ukumbini.

Basi ratiba ikapatikana.
Nikaichapa, nikaibandika kwenye friji,
nikajiona fundi.

Siku ya tano, kisunzi.
Mama ameshika ukuta wa koridoni,
anacheka ili nisiogope.

06:00, nilikuwa nimeandika.
Akasoma sita, akameza ya tezi adhuhuri,
juu ya wali na mchicha.
08:00 akaisubiri hadi saa nane, mezani, na saa yake mkononi.
Na 20:00?
"Saa ishirini haipo, mwanangu.
Nilidhani ni bei."

Kidonge cha presha kimelala siku tano katika kopo lake.

Miaka minne chuoni nilisomea kupatanisha nukta,
nikasahau kwamba siku ya Bi Chiku huanza jua likichomoza,
na siku ya mashine huanza usiku wa manane
hakuna hata paka wa kuishuhudia.
Ilikuwa saa mbili, nyumba moja,
na mimi mwana wa zote mbili
sikusikia zikipishana.

Niliondoa sita. Halafu nikafuta namba zote.
Sasa karatasi inasema: ukitoka kuswali Alfajiri.
Inasema: na uji.
Inasema: baada ya Isha, kabla hujafunga mlango wa uani.

"Na mwezi wa Ramadhani?" akauliza.
Nikaweka vidole kwenye vitufe, nikaviondoa.
Hilo, Eliwaza kasema, aulizwe daktari kwanza;
nukta hazifungi, watu ndio hufunga.

Jana kanirudia na penseli yake sikioni.
"Umeweka dawa zote, wote wana viti.
Chai yangu ya saa kumi iko wapi?"

Nikatia nukta mpya,
nikachora mstari hadi kwenye dawa ya kuongeza damu,
nikabonyeza.

Ikafikiri.
Ikaisogeza dawa.